Mpishi wa Chuo Akigoma, Nani Huamua Utarudi Klasi Lini?

Kama ulikuwa chuo cha serikali Septemba 2025, unajua vile ilienda. Tarehe 17 malekchara wa UASU na wafanyakazi wa KUSU waliweka kazi chini, na huku Naivasha tukaanza kuona mabegi yakishuka kwa mat katikati ya semesta. Mgomo ulichukua siku 49. Wengi walikuwa wakiuliza tu, "Hawa wanataka nini tena?" Wacha tuichambue.

Ugomvi ni wa karatasi
Kama mathe yako anafanya kwa maua, CBA si kitu ngeni. Ni mkataba wa mshahara kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri. Ukishasajiliwa kwa Mahakama ya Ajira na Kazi, si ahadi tena, ni sheria. Chuo ni hivyo hivyo. KUSU ina makarani na mafundi wa maabara, na KUDHEIHA inabeba sana wa jikoni, hosteli na usafi. Deni la 2025 lilikuwa kama bilioni 7.9, la CBA ya 2017 hadi 2021. Yaani mkataba uliisha na miaka 4 ikapita, doo bado.

Mwenye kusaini si mwenye mfuko
Hapa ndipo wengi hupotea. Mabaraza ya vyuo ndiyo husaini, lakini ganji inatoka Hazina. Ukirushia ofisi ya VC mawe, umevunja dirisha la mtu ambaye pia anangojea.

Hawaamki tu wakagoma
Katiba, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma. Lakini lazima kwanza wapatanishwe, ikishindikana watoe notisi ya siku 7. Wakiruka hiyo, korti inaweza kuwasimamisha. Na mwajiri halazimiki kulipa siku ambazo hawakufanya kazi. Yule mama wa mesi hayuko holidei, anasota kama wewe.

Mwisho ni karatasi ingine
Mgomo huisha na makubaliano ya kurudi kazini: nani atalipwa lini, na hakuna mtu atasumbuliwa juu aligoma. Novemba 5, 2025 walikubali nusu ilipwe Novemba hiyo na nusu Julai 2026.

Sasa wewe?
Ukisikia mgomo umeisha, usisherehekee kabla ya kusoma tarehe za malipo. Tarehe ikipita bila doo, jua notisi ingine inaweza kuwa njiani. Ukiona notisi, una siku 7. Bonga na landilodi mapema, usingoje akufungie keja. Chukua stakabadhi zako kabla ofisi zifungwe. Pesa ya HELB usiimalize juu "klasi haziko".

Nakuambia hivi juu najua. Mgomo ulinipata nikiwa nimelipa nusu karo. Nikatafuta kibarua "ya wiki mbili tu." Klasi zilirudi, mimi sikurudi. Hakuna mtu alinifukuza, nilizoea tu kushika doo ya kila siku.

Kwa hivyo ukirudi nyumbani, fanya kibarua, saidia mathe. Lakini weka nauli ya kurudi pembeni, na usiiguse.