Simu ya Kazi Si ya Kila Kitu

Wasomaji wa Namboboto wanauliza: mbona serikali zingine hukataza TikTok kwa simu za wafanyakazi wao? Jameni, hii si kufungia nchi nzima, vile Uganda ilifunga Facebook Januari 2021, na jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka wakaanza kutafuta njia za panya za intaneti. Hapa ni simu za ofisi peke yake. Marekani ilipitisha sheria hiyo Desemba 2022, Uingereza ikatoa amri yake Machi 2023.

Sababu ni kwamba programu ikiingia kwa simu huomba ruhusa: namba za watu, picha, mahali ulipo. Ukibonyeza "kubali" bila kusoma, umefungua stoo. TikTok ni ya ByteDance, kampuni ya China, na sheria ya China ya 2017 hutaka makampuni yasaidie ujasusi wa serikali. Kampuni imekana kutoa habari hizo.

Sasa hebu tazama simu ya kikundi chenu. Si ndiyo ina picha za vitambulisho na daftari la mikopo? Na jioni mtoto wa mweka hazina anaichezea! Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, 2019, yataka anayeshika habari za watu azilinde. Kikundi chaweza kuandika kwa katiba yake: simu hii ni ya hesabu na jumbe za wanachama tu. Anayetaka video atumie yake.