Mlolongo wa 1988 na Manung'uniko ya Wapigakura Dhidi ya KANU

Mfumo wa chama kimoja nchini Kenya haukuwanyima wapigakura kila nafasi ya kuonyesha kutoridhika kwao. Katika chaguzi za 1969, 1974 na 1979, ambazo wagombea wote walitoka KANU, wabunge wengi waliangushwa, wakiwamo mawaziri. Mwananchi hakuweza kuuondoa uongozi wa juu, ila aliweza kumwadhibu mbunge aliyemsahau. Mlango huo mdogo ndio uliozibwa na mlolongo.

Mwaka 1986, miaka minne baada ya Kifungu cha 2A cha Katiba kuifanya KANU kuwa chama pekee halali, chama hicho kiliidhinisha utaratibu mpya wa uteuzi. Wanachama wangepanga foleni nyuma ya mgombea wao, wakala wake au picha yake, kisha wahesabiwe. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na kura ya siri haikupigwa tena katika jimbo lake. Watetezi wa mlolongo walidai kuwa ulikuwa wa wazi, wa gharama nafuu na usioweza kuibiwa. Viongozi wa makanisa waliupinga tangu mwanzo, kwani uliwaweka waumini wa kanisa moja katika foleni zinazotazamana, na kumwanika mnyonge mbele ya chifu na tajiri wa kijiji chake.

Kasoro ya asilimia 70 inahitaji kufafanuliwa. Kiwango hicho kilitokana na idadi ya waliopanga foleni, si ya wapigakura walioandikishwa. Tuseme jimbo lina wapigakura 40,000, na wanachama 8,000 tu wamejitokeza siku ya uteuzi. Mgombea mwenye watu 5,700 nyuma yake amevuka asilimia 71, hivyo anakwenda Bungeni. Ilhali waliomchagua ni kama asilimia 14 ya wapigakura wa jimbo. Wasio na kadi ya KANU hawakuwa na usemi wowote.

Uteuzi ulifanyika Februari 1988. Katika majimbo kadhaa, mwenye foleni fupi alitangazwa mshindi. Hapa ndipo watetezi wa mlolongo walipojikwaa. Kura ya siri ikiibwa, mwananchi hushuku. Foleni ikiibwa, ameiona kwa macho yake, na aliyesimama nyuma yake ni shahidi. Aidha, watu wakishatawanyika hakuna karatasi ya kuhesabiwa upya, kwa hiyo malalamiko hayakuwa na pa kupelekwa. Uwazi uliosifiwa uliugeuza udanganyifu wa maofisa wachache kuwa jambo linalojulikana na kijiji kizima. Manung'uniko hayo, kwa asili yake, hayakuhusu nadharia ya vyama vingi. Yalihusu hesabu.

Yalifika Barazani pia. Desemba 1988 Kenneth Matiba alijiuzulu uwaziri akilalamikia udanganyifu katika uchaguzi wa ndani wa chama. Mwezi Mei 1990, yeye na Charles Rubia, aliyepoteza kiti chake 1988, walidai hadharani mfumo wa vyama vingi. Walikamatwa siku chache kabla ya mkutano wa Kamukunji wa tarehe 7 Julai, Saba Saba. Kamati ya chama chini ya Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchini mwaka huohuo kukusanya maoni, na wananchi, pengine kwa ujasiri ambao chama hakikuutarajia, waliushutumu mlolongo waziwazi. Mkutano wa wajumbe wa KANU uliufuta Desemba 1990, pamoja na kanuni ya asilimia 70.

Hatua hiyo ilichelewa. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991. Katika uchaguzi wa Desemba 1992, Daniel arap Moi alibaki madarakani kwa takriban asilimia 36 ya kura, wapinzani wake wakiwa wamegawanyika. Matiba, ambaye afya yake iliharibika kizuizini, alikuwa wa pili kwa takriban asilimia 26.