Mbwa Naye Avikwa Nguo

Katika nchi ya Marekani, jioni ya tarehe 31 Oktoba, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, watoto huvaa mavazi ya kuchekesha au ya kutisha, wakaomba peremende nyumba kwa nyumba. Jioni hiyo huitwa Halloween. Na wengi humvika mbwa wao pia. Twaweza kucheka, lakini tutazame kwanza jinsi mshonaji mwenye akili afanyavyo kazi hiyo.

Hupima kwa uzi shingo, kifua na mgongo wa mbwa. Huchagua shati kuukuu la mtoto, jeusi, lisilo na vifungo, maana mbwa aweza kuving'oa na kuvimeza. Miguu ya mbele hupita katika mikono ya shati; upande wa tumbo hukatwa, mbwa apate kukojoa pasipo kulowa. Kisha soksi nne nyeusi hujazwa vitambaa na kushonwa ubavuni, mbili huku, mbili huku. Miguu minne ya mbwa na minne ya soksi ni minane: buibui huyo!

Vidole viwili vipite kati ya nguo na shingo. Mdomo usifungwe, kwa kuwa mbwa hupoza mwili wake kwa kuhema. Wala asipewe chokoleti za watoto: kwake ni sumu.

Mbwa hana neno la kukataa. Lakini akilaza masikio nyuma na kuficha mkia katikati ya miguu, amekwisha sema. Basi avuliwe upesi, hata kama majirani wamekwisha kukusanyika kumtazama.