Je, Wajua? Sakafu ya Mbao Hulia kwa Sababu ya Msumari

Mbao za sakafu hukauka, zikasinyaa na kuachana kidogo na boriti. Ukikanyaga, ubao hushuka na kupanda huku ukijisugua kwenye msumari. Huo ndio mlio. Katika Kasri la Nijo mjini Kyoto, Japani, sakafu hulia kama ndege kwa sababu vibanio vya chuma chini yake husuguana na misumari.

Kugongelea upya msumari uliolegea hakufai, utalegea tena. Tumia skrubu, ambayo meno yake huuvuta ubao ukakamatana na boriti, na kichwa kizame ndani ya ubao. Tembea chumba kizima, tia chaki kila panapolia, kaza hapo kwanza kabla ya kutandika sakafu mpya juu ya ile ya zamani. Ukishaitandika, kuufikia mlio huo ni mpaka ubomoe.