Fahamu: Yabisi ya mgongo inapofika machoni na tumboni

Ankilosingi spondilaitisi, yabisi ya uti wa mgongo ambayo kwa kawaida huanza kabla ya umri wa miaka 45, haiishii mgongoni. Takriban mgonjwa 1 kati ya 4 hupata uveitisi, yaani uvimbe ndani ya jicho: jicho moja huwa jekundu ghafla, huuma na haliwezi kustahimili mwanga. Wengi hudhani ni macho mekundu ya kawaida, wakanunua matone dukani. Ni hatari, kwani kuchelewa kutibiwa kunaweza kupofusha.

Wengine hupata soriasisi, ugonjwa wa ngozi, au uvimbe sugu wa utumbo. Kwa wenye uvimbe wa utumbo, dawa huwa mtihani: ibuprofeni inayotuliza mgongo inaweza kuuchokoza utumbo huo. Ugonjwa wenyewe pia unaweza kudhoofisha mifupa, hata ya kijana. Kwa kuwa kuharisha damu kunaweza kuwa dalili ya uvimbe wa utumbo, anayeharisha hivyo amwambie daktari wake wa mgongo, hata asipoulizwa.