Halloween Orlando: Tiketi Ipi Inamfaa Mtoto Mdogo?

Halloween huadhimishwa Oktoba 31, lakini Orlando, Florida, msimu wake wa biashara huanza tangu Agosti. Familia inayokwenda huko kwa likizo ya shule, wakiwemo ndugu zetu wanaoishi Marekani na wageni wao kutoka Nairobi au Dar es Salaam, hukuta bustani za burudani zikiuza tiketi za namna mbili: ya kawaida ya mchana, na ya usiku wa Halloween inayolipiwa peke yake. Matangazo yake hufanana: rangi ya chungwa na nyeusi, boga lililotobolewa macho, popo wawili watatu. Yaliyomo ndani hayafanani hata kidogo, na anayeumia mzazi akikosea ni mtoto.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Mtoto aliye chini ya miaka saba hahitaji tiketi yoyote ya ziada ya Halloween. Sherehe zinazomfaa zimo ndani ya tiketi ya mchana katika bustani kadhaa, na zile za usiku zinazogharimu pesa nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya watu wengine. Tuzipitie moja moja.

Halloween Horror Nights: usiku wa watu wazima

Kampuni ya Universal ilianza usiku wake wa kutisha mwaka 1991, na mwaka uliofuata ikaupa jina unalotumia hadi leo. Milango hufunguliwa saa kumi na mbili na nusu jioni, na shughuli huendelea hadi saa saba au saa nane usiku. Mwaka 2025 tiketi ya usiku mmoja ilizidi dola 80, na wanaotaka kukwepa foleni ndefu hununua pasi ya haraka inayoweza kuzidi bei ya tiketi yenyewe.

Wenyewe Universal hutangaza kwamba usiku huo haupendekezwi kwa watoto walio chini ya miaka 13. Hilo ni pendekezo, si katazo. Mzazi akija na mtoto wa miaka mitano mwenye tiketi, uamuzi ni wake, na tiketi hairudishiwi pesa.

Wazazi wengi hujifariji hivi: "Hatutaingia kwenye zile nyumba za kutisha, tutazunguka nje tu." Mpango huo hauwezekani. Mbali na nyumba kumi hivi zenye foleni zake, barabara za ndani ya bustani nazo zimegawanywa katika maeneo ya kutishia watu. Moshi wa bandia hufunika njia, taa humulika na kuzima, na waigizaji waliopakwa damu ya bandia hutokea pembeni ghafla, wengine wakiwa na misumeno ya mashine iliyotolewa mnyororo lakini injini ikinguruma vilevile. Ili mtoto afike chooni au kwenye duka la chakula, hana budi kupita hapo. Wageni hawaruhusiwi kuvaa mavazi ya Halloween wala vinyago, kwa hiyo hata furaha ya kujivika kama shujaa wake hataipata. Mtoto mdogo hapa analipiwa zaidi ya dola 80 ili ajifiche begani kwa baba yake.

Mickey's Not-So-Scary Halloween Party: ya familia, lakini ghali

Disney ilianzisha sherehe hii mwaka 1995 katika bustani ya Magic Kingdom, na jina lake linaahidi Halloween isiyotisha sana. Kwa kiasi kikubwa ahadi hiyo inatimizwa. Watoto na wazazi huruhusiwa kuvaa mavazi ya sherehe, peremende hugawiwa bure katika vituo mbalimbali, na kuna gwaride, fataki na onyesho la jukwaani mbele ya kasri. Hakuna mwigizaji anayemrukia mtu gizani.

Bei za mwaka 2025 zilikuwa kati ya dola 119 na 229 kwa kila mwenye miaka 10 na zaidi, na kati ya dola 109 na 219 kwa watoto wa miaka 3 hadi 9, kabla ya kodi. Walio chini ya miaka mitatu huingia bure. Usiku wa Agosti ndio wa bei nafuu. Kadiri Oktoba 31 inavyokaribia, bei hupanda.

Mambo mawili huamua kama pesa hizo zinalipa. La kwanza ni saa. Sherehe huanza saa moja usiku na kumalizika saa sita usiku, ingawa mwenye tiketi huruhusiwa kuingia tangu saa kumi jioni. Mtoto wa miaka minne aliyezoea kulala saa mbili atakuwa amesinzia kwenye kigari wakati fataki zinarushwa, na mlio wa kwanza ndio utakaomwamsha. La pili ni maonyesho yenyewe. Gwaride hutanguliwa na mpanda farasi asiye na kichwa, anayepita kasi akiwa ameshika boga mkononi. Kwenye jukwaa la kasri wachawi huwaita wabaya wa hadithi za Disney. Mtoto wa miaka minane hupiga makofi. Wa miaka mitatu anaweza kumwona yule mpanda farasi na asitake kusikia habari ya gwaride tena.

Sherehe za mchana: bei ileile, hofu kidogo

Hizi hazitangazwi sana, lakini kwa mtoto mdogo ndizo bora. SeaWorld Orlando ina Spooktacular, ambayo hufanyika mchana, ina peremende na mavazi, na imo ndani ya tiketi ya kawaida. LEGOLAND Florida, iliyoko Winter Haven, ina Brick-or-Treat kwa utaratibu huohuo. Upande wa California, Knott's Berry Farm huko Buena Park ni mfano mzuri wa bustani iliyotenganisha umri: usiku kuna Knott's Scary Farm, iliyoanza mwaka 1973 na isiyopendekezwa kwa walio chini ya miaka 13, mchana kuna Knott's Spooky Farm kwa watoto wa miaka 3 hadi 11, bila malipo ya ziada. Bustani ni ileile ila saa tofauti, na mzazi hahitaji kukisia.

Hofu iliyomo katika tiketi ya kawaida

Kukwepa Halloween hakumalizi kazi. Maonyesho ya kutisha yapo mwaka mzima, na mengi hayana kipimo cha kimo mlangoni. Mzazi akiona hakuna ubao wa kumpima mtoto, hudhani mahali hapo ni pa watoto. Ubao ule umewekwa kwa ajili ya mkanda na kiti, yaani mwili usichomoke. Haupimi kama mtoto ataweza kuyastahimili atakayoyaona.

Haunted Mansion ya Magic Kingdom, iliyofunguliwa pamoja na bustani yenyewe Oktoba 1971, hupokea mtoto wa kimo chochote. Safari yake ni ya polepole na sehemu kubwa ina ucheshi. Lakini kabla ya kupanda vigari, wageni hufungiwa katika chumba kisicho na dirisha, kuta zinaonekana kurefuka, taa zinazimwa, radi inapiga, na juu darini unaonekana mwili umening'inia kwenye kitanzi. Kisha unasikika ukelele. Mtoto aliyesimama kati ya miguu ya watu hana pa kukimbilia.

Mfano ulio wazi zaidi ni It's Tough to Be a Bug!, onyesho la miwani ya pande tatu lililokuwa katika bustani ya Animal Kingdom ya Disney tangu 1998 hadi lilipofungwa mwaka 2025. Picha zake za nje zilikuwa za wadudu wa katuni. Ndani, ukumbi uliingia giza, buibui wakubwa wakashuka kutoka darini, na viti vikawachoma watu mgongoni kana kwamba ni nyigu. Kwa miaka mingi, wazazi walionekana wakitoka na watoto wanaolia kabla onyesho halijaisha.

Disney yenyewe iliwahi kulitambua tatizo hili. Safari ya Snow White huko Disneyland ilipofanyiwa ukarabati mwaka 1983, jina lake likawa Snow White's Scary Adventures ili wazazi waonywe tangu mlangoni. Mwaka 2021 safari hiyo ilipewa sura ya furaha zaidi na jina jipya, Snow White's Enchanted Wish. Ikiwa kampuni iliyoitengeneza ilihitaji miaka yote hiyo kulainisha mchawi mmoja, mzazi asione haya kumkinga mwanawe.

Kwa nini nasema miaka saba

Mwaka 1969 mtafiti wa Marekani, Rheta DeVries, alichapisha jaribio alilowafanyia watoto wa miaka 3 hadi 6 kwa kumtumia paka mpole aliyeitwa Maynard. Watoto walimwona na kumpapasa kwanza. Kisha kichwa cha paka kilifichwa kwa muda mfupi, akavikwa kinyago cha mbwa mkali, huku mkia na sehemu ya nyuma vikiendelea kuonekana. Wengi wa watoto wa miaka mitatu walisema sasa huyu ni mbwa, na wengine waliogopa atawauma. Wa miaka sita wengi walijua kwamba ni Maynard yuleyule.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali letu. Mwigizaji aliyevaa kinyago, kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, anaweza kuwa zimwi kweli. Kumwambia "huyo ni mtu tu" hakumsaidii sana, kwa sababu akili yake bado haijafika pa kushikilia wazo hilo wakati macho yanamwonyesha kitu kingine. Joanne Cantor wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, aliyetafiti kwa miaka mingi hofu za watoto mbele ya televisheni na sinema, alionyesha kwamba watoto wadogo hutulizwa zaidi kwa kukumbatiwa, kupewa kitu cha kushika au kuondolewa mahali pale. Maelezo huwafaa watoto wakubwa.

Kwetu tuna mazoea ya kumwambia mtoto "jikaze, usiwe mwoga," hasa wa kiume. Neno hilo lina mahali pake, mtoto anapoogopa sindano ya chanjo, kwa mfano, kwa kuwa sindano ina faida. Zimwi la kulipia halina faida inayohitaji mtoto ajikaze. Na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka: mtoto aliyetishika katika onyesho la kwanza asubuhi aghalabu hukataa kila kitu chenye giza siku nzima, na tiketi yake nzima hupotea.

Hesabu ya familia ya watu wanne

Chukua baba, mama, mtoto wa miaka tisa na wa miaka minne. Kwa bei za 2025, sherehe ya Mickey ingewagharimu dola 456 usiku wa bei ya chini kabisa, na dola 896 usiku wa bei ya juu, kabla ya kodi, maegesho na chakula. Halloween Horror Nights ingezidi dola 320, na wawili kati ya hao wanne wasingefurahia chochote. Sherehe za mchana zisingeongeza hata senti juu ya tiketi ambayo familia ingenunua vyovyote vile.

Kuna mtego mmoja wa kalenda. Siku za sherehe ya Mickey, wenye tiketi za mchana hutakiwa kuondoka Magic Kingdom saa kumi na mbili jioni, wakati mwaka 2025 tiketi ya siku moja iliweza kukaribia dola 200 siku za kilele. Asiyejua hulipa bei kamili na kukosa fataki. Anayejua anaweza kuchagua siku hizo makusudi, kwa sababu foleni huwa fupi na mtoto mdogo alikuwa atarudi kulala mapema hata hivyo. Universal Studios Florida nayo hufunga saa kumi na moja jioni siku za Horror Nights.

Kabla ya kulipa

Tazama video ya onyesho zima pamoja na mtoto, nyumbani, taa zikiwaka. Akigeuza uso kwenye simu, ukumbini itakuwa zaidi.

Pakua orodha ambayo Disney huitoa bure kwa wageni wenye changamoto za utambuzi. Inaonyesha kivutio kipi kina kelele kubwa, giza, taa za kumulika au harufu. Kila mzazi wa mtoto mdogo inamfaa.

Ulizia utaratibu wa kupokezana, ambao Disney huuita Rider Switch na Universal huuita Child Swap. Mzazi mmoja hubaki na mtoto, mwingine huingia, kisha hubadilishana bila kupanga foleni upya. Ni bure.

Ukiingia ukumbini, kaeni karibu na mlango wa kutokea, na mwambie mtoto mapema kwamba akisema "tutoke" mtatoka. Kisha utimize.

Chaguo langu

Kwa mtoto wa hadi miaka sita, nunua tiketi ya mchana ya SeaWorld au LEGOLAND na umvike vazi analolipenda. Kuanzia miaka saba hadi kumi na miwili, sherehe ya Mickey inastahili bei yake, mradi uchague usiku wa Agosti au Septemba na mtoto alale mchana. Horror Nights mwachie kijana wa miaka 13 na kuendelea aliyeomba mwenyewe, aende na mzazi mmoja huku mwingine akibaki hotelini na wadogo. Kwa ile familia yetu ya watu wanne, hilo la mwisho lisubiri miaka minne. Horror Nights yenyewe ipo tangu 1991, na haraka hakuna.