Mlio wa breki: Namna ya kuutambua na kuurekebisha ukiwa nyumbani

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

KILA masika, matope ya Bonde la Kilombero huingia katika kila uwazi ulio chini ya gari. Kwa wakazi wa Namawala wanaosafirisha mpunga au kuwakimbiza wagonjwa Hospitali ya St. Francis mjini Ifakara, breki zinazopiga kelele zimezoeleka kiasi cha kutotiliwa maanani. Hata hivyo, mlio huo ni taarifa, na dereva anayeielewa anaweza kuzuia ajali mapema.

Breki za diski hufanya kazi kwa kalipa kubana pedi mbili kwenye diski inayozunguka pamoja na gurudumu. Katika magari mengi madogo, kalipa huteleza juu ya pini mbili zilizopakwa grisi na kufunikwa kwa mpira. Mpira huo ukichanika, maji na mchanga hupenya, grisi huharibika na pini hukwama au kulegea.

Sauti na maana yake

Mluzi mwembamba wakati wa mwendo mara nyingi hutoka kwenye kibati kilichowekwa makusudi kuonya kuwa pedi zimekaribia kwisha. Sauti ya kugongagonga kwenye mashimo, inayokoma dereva anapokanyaga breki kidogo, huashiria pini au vibanio vya pedi vilivyolegea. Gurudumu moja likiwa na joto kuliko mengine baada ya safari fupi, yaelekea kalipa imekwama. Mkwaruzo wa muda mfupi asubuhi baada ya mvua kwa kawaida ni kutu nyepesi juu ya diski. Mkwaruzo usiokoma huweza kuwa jiwe lililonasa, au chuma kinachosaga chuma. Gari lisiendeshwe mpaka likaguliwe.

Hatua za kufuata

Egesha gari mahali tambarare na pagumu, uweke kabari kwenye magurudumu yanayobaki chini. Legeza nati kabla ya kupandisha jeki, kisha tegemeza gari kwa stendi imara. Tofali na bloku hazifai, kwa kuwa hupasuka ghafla.

Baada ya kutoa gurudumu, sukuma kalipa kwa mkono. Inapaswa kuteleza kwa ulaini bila kuchezacheza. Fungua boliti zake, uining'inize kwa waya; usiiache ining'inie kwenye mpira wa mafuta ya breki, wala mtu asikanyage breki wakati huo, kwani pistoni inaweza kuchomoka.

Chomoa pini, zifute kwa kitambaa safi na uondoe grisi ya zamani. Iliyopinda au kuliwa na kutu ibadilishwe, na vivyo hivyo mpira uliochanika. Paka kiasi kidogo cha grisi maalumu ya breki inayostahimili joto. Grisi ya kawaida, petroli na dizeli huvimbisha mpira na kurudisha tatizo. Safisha vibanio vya pedi kwa brashi, na usiruhusu grisi iguse uso wa pedi wala diski. Usipulize vumbi la breki, kwani ni hatari kwa mapafu. Lifute kwa kitambaa chenye unyevu.

Pedi zilizobaki na unene wa milimita 3 au pungufu zibadilishwe kwa magurudumu yote mawili ya ekseli hiyo. Shughulikia upande mmoja kwanza, ili upande wa pili ubaki kuwa mfano wa kurudishia vifaa.

Ukikaza boliti na nati zote kama kitabu cha gari kinavyoelekeza, kanyaga breki mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla ya kuondoka. Jaribu kwanza kwa mwendo wa polepole mahali pasipo na watu.

Lini umwone fundi

Mafuta ya breki yakivuja, breki ikizama hadi chini, gari likivuta upande mmoja au diski ikiwa na mifereji, kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi.

Safari ya kutoka Ifakara kwenda Morogoro hupita Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako wanyama huvuka barabara bila taarifa. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka chombo cha moto kiwe katika hali salama kinapokuwa barabarani. Kwa hiyo, baada ya kupita kwenye matope, suuza magurudumu kwa maji safi, kisha ukanyage breki taratibu mara chache ili zikauke. Kazi hiyo ya dakika chache hurefusha maisha ya pini, na huenda ikaokoa maisha ya watu.